Miti Minane Ndani ya Kishikwambi

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya saa nane ikishalia na wenzao wakishatimka kuelekea nyumbani, watoto wanane wa darasa la tano walibaki shuleni. Walikwenda kwenye chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya majembe na madawati mabovu. Sasa kilikuwa kimefagiliwa, kikawekewa mkeka, meza moja na viti viwili, na mlangoni kulikuwa na maandishi ya chaki: CHUMBA CHA KUSOMA.

Watoto hao walikuwa wamechelewa kujua kusoma. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, lakini wote walilijua, kama mtu anavyojua kuwa kiatu chake kimetoboka hata kama hakuna anayekitazama.

Aliyewafundisha alikuwa mwalimu mwanafunzi kutoka chuo cha ualimu, msichana mwembamba aliyekuwa na mazoea ya kuchomeka kalamu kwenye nywele, kuisahau, kisha kuitafuta mezani, mfukoni na chini ya kiti.

"Iko kichwani, Mwalimu!" watoto walimwambia kwa pamoja.

Ndiyo maana walimwita Mwalimu Kalamu. Mwanzoni walimwita kwa siri. Siku alipolisikia jina hilo alicheka mpaka kalamu ikaanguka, na tangu hapo likawa lake. Alikuwa pia na tabia ya kupiga magoti mkekani kila alipozungumza na mtoto, ili asimtazame kutoka juu. Sketi yake ilikuwa na madoa mawili ya vumbi ambayo hayakutoka hata akifua.

Miongoni mwa wale wanane kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mmoja aliyeitwa Bisibisi. Jina hilo alipewa na mjomba wake, fundi wa simu, kwa sababu tangu akitambaa kila bisibisi iliyopotea ilipatikana chini ya mto wake wa kulalia. Sasa alijua kufungua simu iliyoingia maji, kuikausha na kuifunga tena bila kubakiza skrubu. Wateja walizoea kumtania mjomba, "Wewe endelea na chai yako, tuachie mtoto atutengenezee."

Jambo moja tu lilimshinda Bisibisi, nalo ni herufi. Alipokuwa darasa la pili aliugua kwa muda mrefu, na aliporudi aliwakuta wenzake wamekwisha kuvuka mto, yeye kabaki ng'ambo. Aliona haya kuuliza. Badala yake akajifunza kusikiliza. Somo likisomwa mara moja, alilinasa. Likisomwa mara mbili, aliweza kulirudia lote huku akifunua kurasa mahali panapostahili. Hata mama yake, aliyefanya kazi mji mwingine na kurudi mara moja kwa mwezi, alidanganywa.

"Mama, usiandike ujumbe," Bisibisi alimwambia. "Simu ya Bibi haionyeshi maandishi vizuri. Tuma sauti."

Na fundi mzima alikuwa akilala nyumba hiyohiyo!

Katika chumba cha kusoma kulikuwa na kishikwambi kimoja, kipana kama daftari, ambacho chuo kilimpa Mwalimu Kalamu kimsaidie kufundisha. Ndani yake kila mtoto alikuwa na mti wake mdogo. Mtoto alisoma hadithi kwa sauti, kishikwambi kikairekodi sauti hiyo na kulinganisha maneno yake na yale yaliyoandikwa. Akisoma vizuri, mti ulitoa jani. Akizidi kuendelea, ukatoa maua.

Siku ya kwanza kishikwambi kiligoma kuwaka. Mwalimu Kalamu alikibonyeza huku na huku, akakigeuza, mwisho akakipuliza kama anayepuliza makaa. Watoto walianza kucheka chinichini.

"Mwalimu, naomba nijaribu," Bisibisi alisema. "Kile kitufe cha pembeni unakiachia mapema. Kishike mpaka uhesabu tano."

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kikawaka.

Wenzake walipoondoka, Mwalimu Kalamu alimwita, akapiga magoti mkekani. "Nikwambie siri? Chuoni tulifundishwa kutumia kidude hiki kwa siku mbili. Mkufunzi akiuliza kama tumeelewa, wenzangu wanaitikia kwa vichwa, na mimi naitikia. Sikuelewa hata nusu. Kwetu simu ilikuwa moja tu, ya babu, na hakuruhusu mtu aiguse. Niliona haya kuuliza."

"Usijali, Mwalimu. Mimi nitakuonyesha."

"Na usimwambie mtu."

"Simwambii."

Tangu siku hiyo Bisibisi ndiye aliyewasha, aliyezima na aliyetafuta hadithi. Hakuhitaji kusoma chochote, maana alifuata picha: nyumba ni kurudi mwanzo, kinywa ni kurekodi, mti ni kuona maendeleo. Mwalimu alimsifu mbele ya wote, naye alitembea kifua mbele kama jogoo aliyewika peke yake.

Kulikuwa na picha nyingine pia, kwenye kona ya kila hadithi: picha ya sikio. Ukiigusa, sauti tulivu ya mama mmoja ilikusomea hadithi yote. Kwa kawaida sikio lilipaswa kufungwa kwa kufuli mpaka mtoto amalize kusoma mwenyewe. Lakini kufuli hiyo ilifungwa na mwalimu, na Mwalimu Kalamu hakujua kama ipo. Bisibisi aliigundua siku ya pili, ikiwa wazi, akanyamaza.

Kazi ikawa nyepesi. Zamu yake ikikaribia, alivaa hedifoni. "Naangalia kama sauti inatoka vizuri, Mwalimu," alisema. Alisikiliza mara mbili, akavua, akagusa kinywa, kisha "akasoma." Mti ukatoa jani. Wiki iliyofuata ukatoa chipukizi. Ilipofika wiki ya saba, mti wake ulikuwa umechanua kuliko miti yote minane.

Uongo wa namna hiyo hauumi siku ya kwanza. Ni kama mwiba mdogo: unatembea nao, unacheza nao, hadi siku unapotunga usaha.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nina habari," Mwalimu Kalamu alisema, mashavu yake yaking'aa. "Keshokutwa mkufunzi wangu anakuja kunitazama nikifundisha. Ndiye anayeamua kama nimefaulu mazoezi au la." Alimgeukia Bisibisi. "Nimemwandikia habari zako. Nimemwambia nina mtoto aliyetoka kwenye herufi hadi kwenye hadithi kwa wiki saba. Ataketi na wewe."

Bisibisi aliuliza, "Kwa kishikwambi?"

"Hapana, kwa karatasi. Anakuja na hadithi mpya ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia."

Mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliguna. Wenzake walimwita Mdomo, kwa sababu maneno hayakuwahi kumkalia tumboni. "Wewe Bisibisi," alisema, "mti wako una maua kama bustani, mbona ubaoni hujawahi kusoma hata neno moja?"

"Macho yangu hayaoni mbali."

"Hayaoni mbali? Jana si ulimwona mjomba wako akitokea kule barabarani, ukaniambia hata rangi ya mfuko alioshika?"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu Kalamu aliwanyamazisha kwa upole, lakini alimtazama Bisibisi kidogo zaidi ya kawaida, kama mtu anayetaka kuuliza neno kisha akalimeza.

Walipokuwa wakifunga chumba alimwambia, "Mwaka jana sikumaliza mazoezi. Baba aliugua, nikarudi nyumbani kumuuguza. Mwaka huu chuo kimenipa nafasi ya mwisho. Nikishindwa Alhamisi, basi, nitafute kazi nyingine." Alijaribu kutabasamu. "Lakini sitashindwa, si nina wewe?"

Kisha akampa kishikwambi kilichofungwa kwenye kitambaa. Tundu la chaji lilikuwa limelegea, naye alitaka mjomba alikaze. Bisibisi alikibeba kifuani njia nzima, na kila hatua kilizidi kuwa kizito.

Jumatano mchana mjomba alimaliza kulitengeneza tundu, akaenda dukani kufuata kioo cha simu ya mteja. Barazani walibaki Bisibisi na Bibi yake. Bibi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa upande mmoja wa baraza, meza ya mjomba upande wa pili, na mara nyingi vifungo vya mashati vilikutwa kwenye kopo la skrubu.

Bibi hakuwa akishona. Alikuwa akifumua kola ya shati, uzi mmoja baada ya mwingine, kwa ncha ya wembe.

"Imeharibika nini, Bibi?"

"Nimeigeuza. Ndani nimeiweka nje."

Bisibisi alitazama. Aliona kola safi, iliyonyooka. "Mbona haionekani? Nani angejua?"

"Mimi nimejua," Bibi alisema, akaendelea kufumua. Kisha akamtazama mjukuu wake juu ya miwani. "Na wewe una nini, mke mwenzangu? Tangu jana unakula kama ndege."

"Tumbo tu, Bibi."

"Haya. Tumbo likitaka kusema, mimi nipo hapahapa."

Bisibisi alijisogeza nyuma ya meza ya mjomba, akakiwasha kishikwambi. Alikuwa amewaza usiku na asubuhi, akapata njia moja tu. Akizifuta kazi zake, mti wake utatoweka. Mti ukitoweka, mkufunzi ataketi na mtoto mwingine, na Mwalimu Kalamu atafaulu. Hakuna atakayeumia. Ndivyo alivyojiambia.

Aligusa picha ya mti, akaushikilia wa kwake mpaka ukatikisika. Pipa dogo la taka likatokea. Akaligusa. Hapo akakutana na kitu ambacho hakuwahi kukutana nacho: ukurasa mweupe usio na picha hata moja. Ulikuwa na mistari miwili ya maandishi, na chini yake vitufe viwili vyenye maneno matupu.

Aliyakodolea macho. Neno la kwanza kwenye vitufe vyote viwili lilifanana. La pili pia lilifanana. La mwisho lilikuwa tofauti, lakini tofauti yake ilisema nini? Angeweza kumuuliza Bibi, lakini Bibi angeuliza kwa nini mtoto mwenye mti wa maua hawezi kusoma maneno matatu. Nje, sauti ya mjomba ilisikika ikimsalimu jirani. Anarudi.

Bisibisi akabonyeza kitufe cha juu.

Mti wake ukafifia, ukapotea. Akashusha pumzi. Kisha ukapotea mti wa pili. Wa tatu. Wa nne. Aligusa nyumba, akagusa sikio, akagusa kila alichokijua, lakini miti iliendelea kuzimika kama taa za mtaa umeme ukikatika, mpaka ukabaki ukurasa mtupu. Wiki saba za watoto wanane.

"Kinafanya kazi?" mjomba aliuliza, akiweka kioo mezani.

"Ndiyo, Mjomba," alijibu.

Alhamisi Bisibisi alikirudisha kishikwambi kikiwa kimefungwa vizuri, akaketi mwisho kabisa mkekani. Mwalimu Kalamu alikuwa amevaa blauzi iliyopigwa pasi, na siku hiyo kalamu ilikuwa mkononi. Alikiwasha mwenyewe, akihesabu tano kimyakimya. Alipogusa picha ya mti, uso wake ukabadilika.

Akagusa tena. Akatoka, akarudi, akagusa mara ya tatu.

"Imekwenda," alisema, zaidi kujiambia mwenyewe. "Yote imekwenda. Ni mimi. Juzi niligusagusa nikitafuta namna ya kutuma kazi chuoni. Ni mimi na mikono yangu hii."

Bisibisi alijikunyata nyuma ya mwenzake.

Wakati huohuo mlango ukabishwa. Mkufunzi alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Aliwasalimu watoto mmoja mmoja kwa kuwapa mkono, jambo lililowafanya wakae wima wote. Kisha akaketi kwenye kile kiti cha pili, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi.

"Haya, Mwalimu. Nionyeshe miti yako."

Watoto wakainamisha vichwa. Hata Mdomo.

"Samahani, Mkufunzi," Mwalimu Kalamu alisema. "Nimezifuta kazi zote kwa makosa. Nilitakiwa kuzituma chuoni kila wiki, sikuzituma kwa sababu sikujua namna. Sikuelewa mafunzo, na niliogopa kuuliza. Kosa ni langu."

Mkufunzi alivua miwani polepole. "Zote? Wiki saba?"

"Zote."

"Na unajua hii ni nafasi yako ya mwisho?"

"Najua."

Bisibisi aliyatazama madoa mawili ya vumbi kwenye sketi ya mwalimu wake. Madoa ya kupiga magoti. Akajikuta amesimama, na hakukumbuka amesimama lini.

"Si yeye," alisema.

Wote waligeuka.

"Ni mimi niliyefuta. Jana, nyumbani. Nilitaka kufuta za kwangu peke yake, lakini vilitokea vitufe viwili, nami sikujua vimeandikwa nini." Machozi yalikuwa yakimtiririka, akayaacha. "Mimi sijui kusoma. Nilikuwa nasikiliza sikio kwanza, halafu nasema nilichosikia. Maua yote yale ni ya uongo. Mwalimu hajui. Msimfukuze Mwalimu."

Kile kiti cha mkufunzi kikayumba. Mtoto mmoja mdogo kuliko wote, aliyekuwa amehangaika wiki saba kupata majani mawili tu, akaanza kulia. "Majani yangu," alisema. "Nilimwahidi baba nitamwonyesha."

Maneno hayo yalimchoma Bisibisi kuliko hasira yoyote. Alikuwa amejiambia hakuna atakayeumia.

Mkufunzi hakupaza sauti. Alimgeukia Mwalimu Kalamu. "Mbali na kishikwambi, huna kumbukumbu nyingine?"

Mwalimu Kalamu akatoa daftari kwenye mkoba, jalada lake limechakaa. "Nina hili. Sikukiamini sana kile kidude, kwa hiyo kila siku niliandika kwa mkono. Si kitu rasmi."

Mkufunzi alifungua daftari. Kila mtoto alikuwa na kurasa zake: nani anachanganya herufi zipi, nani husoma vizuri akikaa karibu na mwanga, nani anakuja na njaa. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Akafika mahali, akasimama, akasoma kwa sauti: "'Leo amesoma hadithi yote bila kukosea. Lakini macho yake yalikuwa dirishani. Sijui niseme nini.'" Akanyanyua uso. "Hapa unamzungumzia nani?"

"Bisibisi," Mwalimu Kalamu alijibu kwa sauti ndogo.

"Wiki ya tatu. Uliona. Kwa nini ulinyamaza?"

"Mti ulionyesha maua, Mkufunzi. Nikasema mimi ndiye mjinga wa mashine, labda mashine inaona nisichokiona."

"Mashine haikuona macho yake yalikuwa wapi. Wewe uliona." Mkufunzi alifunga daftari, akaliweka juu ya kishikwambi. "Hiki ni chombo kizuri, na utajifunza kukitumia, hilo halina mjadala. Lakini kinapima sauti tu. Mtoto anapimwa na mwalimu. Siku jicho lako na kishikwambi vikipingana, usinyamaze. Uliza." Kisha akasogeza kiti. "Haya. Umesema huyu hajui kusoma. Mimi nimekuja kukutazama ukifundisha. Mfundishe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mwalimu Kalamu alipapasa meza, akapapasa mfuko.

"Iko mkononi, Mwalimu," Mdomo alinong'ona, na watoto wawili wakacheka huku wanalia.

Mwalimu alipiga magoti mkekani. Aliikata karatasi vipande vidogo, akaandika kwenye kila kipande silabi moja. Hakumkaripia Bisibisi, wala hakumbembeleza. Alimwekea vipande viwili mbele yake. "Unazijua hizi?"

"Hapana."

"Vizuri. Leo umesema kweli, tunajua pa kuanzia. Hii inasema 'bi'. Iguse. Na hii ni 'si'. Ziunganishe."

Bisibisi aligusa kipande kwa kidole. "Bi... si."

"Sasa naongeza nyingine mbili zinazofanana na hizo."

"Bi, si, bi, si." Macho yakamtoka. "Bisibisi! Mwalimu, hili ni jina langu!"

"Kumbe. Siku zote lilikuwa linakusubiri hapa."

Iliwachukua karibu saa nzima kufikia sentensi moja: Bisibisi ipo juu ya meza. Alikosea mara tatu, akarudia mara tatu, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Alipomaliza, hakuna mti uliotoa maua mahali popote. Yule mtoto mdogo wa majani mawili ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, na Bisibisi aliinamisha kichwa, maana alijua hakustahili.

Mkufunzi aliandika karatasi nzima, kisha akasimama. Alimwambia Mwalimu Kalamu kuwa hawezi kumpa alama siku hiyo kwa kazi ambazo hazipo. Atarudi baada ya wiki tatu, na siku hiyo asione sikio lisilo na kufuli. Kisha akamwambia Bisibisi, "Na wewe una deni kwa wenzako saba. Utakaa na kila mmoja akirekodi upya, mpaka miti yao irudi. Halafu Jumamosi njoo chuoni na mtu mzima wako. Nina walimu wanafunzi ishirini ambao huitikia kwa vichwa nikiwauliza kama wameelewa. Utawaonyesha kufuli ilipo."

Jioni hiyo Bisibisi alimweleza Bibi kila kitu, tangu sikio hadi miti. Bibi alisimamisha cherehani, akasikiliza bila kumkatiza. Alikwenda ndani, akarudi na kiti chake kizuri, akamwekea mjukuu wake karibu naye, na wakakaa hivyo mpaka chakula kilipoiva. Mjomba alitaka kuchomekea mzaha, akatazamwa mara moja tu, akaurudisha mfukoni.

Jumamosi, kwenye ukumbi wa chuo, Bisibisi alisimama mbele ya walimu wanafunzi ishirini, Bibi akiwa ameketi mstari wa nyuma na mkoba wake mapajani. Alihesabu tano, akawasha. Aliwaonyesha kufuli ya sikio, namna ya kuifunga, na namna ya kutuma kazi chuoni, aliyoelekezwa na mkufunzi asubuhi ile, zisije zikapotea.

"Nani alikuwa haijui kufuli hii?" mkufunzi aliuliza.

Mwalimu Kalamu akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Akafuata kijana mmoja wa mbele, kisha mwingine, mpaka mikono kumi na mmoja ikawa juu. Walitazamana kwa mshangao, kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake.

"Sasa waonyeshe kitu cha mwisho," mkufunzi alisema.

Bisibisi alifungua ule ukurasa mweupe usio na picha. Vitufe vile viwili vikatokea, projekta ikavirusha vikubwa ukutani, mahali watu wote walipoviona. Aliweka kidole juu ya neno la kwanza. Silabi nyingine alikuwa amezipata Alhamisi na Ijumaa, akiwa na vipande vya karatasi mezani kwa mjomba.

"Fu... ta," alisoma. "Za. Wo... te." Akayaunganisha. "Futa za wote. Hiki ndicho nilichobonyeza." Kidole kikashuka. "Futa za... hu-yu. Za huyu." Aligeuka akamtazama Mwalimu Kalamu. "Vilikuwa vimeandikwa wazi tu."

Hakuna aliyecheka.

Baada ya wiki tatu mkufunzi alirudi, akaketi tena kwenye kiti kinachoyumba, na Mwalimu Kalamu akafaulu. Miti saba ilikuwa imerudi na majani yake. Wa nane ulikuwa na jani moja tu, dogo, na Mdomo hakuacha kulitania. "Tuletee kivuli basi," alimwambia Bisibisi, "tuje tupumzike chini yake." Bisibisi alimrushia ganda la kalamu, lakini jani lile hakulionea haya.

Jioni ya siku hiyo simu ya Bibi ililia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama, kama kawaida. Bisibisi hakuufungua. Alichukua simu, akaandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, "Mama njoo," akatuma. Baada ya muda jibu lilikuja kwa maandishi. Alilisoma kwa sauti, akisimama kila baada ya neno: "Naja Ijumaa. Nani amekufundisha?"

Bibi aliweka chini shati alilokuwa akilishona, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la nguo yake, ingawa haikuwa na vumbi.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Wewe na mwalimu wako mlikuwa na ugonjwa mmoja. Kila mmoja aliona haya kusema sijui, akamwachia mwenzake mzigo. Kutojua si kosa, hakuna aliyezaliwa anajua. Kosa ni kuficha kwamba hujui. Mshono uliopinda ukiufumua mapema, kitambaa hakina kinyongo. Unashona upya, kinavalika. Ukiuacha kwa kuwa hauonekani, siku utakapochanika utakuaibisha mbele za watu." Akamrudishia simu. "Haya, mjibu mama yako. Mwambie ukweli wote, na uandike mwenyewe. Mimi nasubiri, hata ikichukua mpaka kesho."